Mitambo ya maji na taka kutoka nje: tununue mashine au tununue maji?

Mleta mada, Jang'ombe

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana linatugusa kila tunapofungua mfereji ukatoa upepo mtupu.

Nchi za nje zinatuangalia kama soko. Wizara ya Biashara ya Marekani imewahi kutoa ripoti za kuwaonyesha wenye viwanda vyao ni nchi zipi wanaweza kuuza mitambo ya kusafisha maji, majitaka na taka ngumu. Wajapani, Waholanzi, Wachina na Wahindi nao wana njia zao. Sina ugomvi na hilo. Mwenye bidhaa hutafuta mnunuzi, na sisi wanunuzi kweli: sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, na mwaka 2024 wageni waliokuja visiwani walipindukia 700,000. Wote wanaoga, wote wanatupa taka.

Ninalolihoji ni namna tunavyonunua. Chukueni mkopo wa India wa dola milioni 92.18, uliosainiwa 2016 kwa ajili ya mfumo wa maji wa Zanzibar. Mikopo ya aina hiyo kwa kawaida ina sharti kwamba angalau asilimia 75 ya bidhaa na huduma zitoke India kwenyewe. Kwetu ni deni, kwao ni soko. Tulihitaji mabomba, matangi na visima, kwa hiyo sisemi tusingekopa. Lakini katika manunuzi ya namna hii, mzigo ukishashuka na kufungwa, muuzaji keshamaliza kulipwa au karibu. Mtambo ukilala mwaka wa nne, hasara inabaki kwa nani? Deni tunalipa lote, na maji hayatoki.

Rai yangu ni kwamba tulipie maji yanayofika na taka zinazoondoka. Theluthi ya malipo izuiwe, ilipwe kidogo kidogo kwa miaka kumi, kwa kipimo cha mita: lita ngapi zimefika mtaani. Mtambo ukizima, malipo nayo yasimame. Asiyelitaka sharti hilo tumuage kwa salama.

Karibuni.

Fundi wa pampu, Wete

Wa alaykum salaam. Nakuunga mkono, na sababu yangu inatoka kisimani.

Nimevuta pampu nyingi Pemba hii. Unasimamisha miguu mitatu ya chuma, unafunga mnyororo, unatoa bomba moja, unafungua, unashika la pili, jua linapanda. Pampu ikifika juu unakuta chujio limeziba kwa chokaa nyeupe, ngumu kama saruji. Ukifungua mota unapigwa na harufu ya vanishi iliyoungua, koili zimekwenda. Mara nyingi pampu yenyewe haikuwa mbovu. Umeme ulishuka, fezi moja ikapotea, na kile kifaa cha kuizima pampu kilikuwa kimeshapitishiwa waya pembeni na mtu aliyechoka kuiona inazima kila saa. Spea unaitafuta Pemba haipo, Unguja haipo, Dar es Salaam wanakwambia uagize. Huku nyuma mtaa mzima umerudi kwenye visima vya kienyeji na madumu kichwani.

Tena umeme wenyewe tunauvuta Bara. Pemba tumeunganishwa na Tanga kwa kebo ya baharini tangu 2010. Unguja, kebo ya Fumba ilipokufa Disemba 2009, watu walikaa kiza mpaka Machi 2010, na pampu zilisimama siku ile ile taa zilipozimika. Muuzaji anayetuletea mtambo unaotaka umeme mtulivu saa 24 anatuuzia kitu cha nchi nyengine.

Mie naongeza sharti: ghala la spea liwe humu humu visiwani, na namba ya siri ya paneli ya kuendeshea pampu iwe mikononi mwa mafundi wetu. Kuna paneli za kisasa ambazo fundi wa hapa hawezi kubadilisha hata saa ya pampu kuwaka mpaka apige simu Ulaya.

Mkaazi wa Nungwi

Ndugu zangu, mnazungumza kama watu wenye maji.

Huku kaskazini ardhi ni jiwe la matumbawe. Maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta sana, ya chini yanapanda na kisima kinageuka chumvi, basi tena. Hoteli zimelifahamu hilo zamani. Zinanunua mitambo yao ya kuchuja maji ya bahari bila kamati wala mjadala. Ukuta mmoja tu unatutenga. Upande ule bustani inamwagiwa asubuhi na jioni, upande huu watu wanasubiri boza.

Sasa mnataka muuzaji asubiri theluthi ya fedha zake miaka kumi. Sisi ni visiwa viwili vidogo. Atakwenda Kenya, atakwenda Saudia, huko wanalipa. Au atakubali, lakini hatari mnayomtwika ataitia kwenye bei, na atakaelipa ni mimi na wewe. Leteni mitambo kwanza, hata kwa mkopo, hata kwa hiyo asilimia 75 yao. Watoto wanakwenda skuli bila kuoga leo.

Mleta mada, Jang'ombe

Bwana wa Nungwi, hoja ya bei ni nzito na nitaijibu. Kwanza tupige hesabu ya mtambo unaoutaka. Kuchuja maji ya bahari kunakula uniti tatu hadi nne za umeme kwa kila lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Hoteli gharama hiyo inaitia kwenye bei ya chumba. Shehia itaitia wapi? Na katika kila lita 100 za bahari zinazoingia, arubaini na kitu ndizo zinazotoka matamu. Zilizobaki zinarudi baharini na chumvi karibu maradufu.

Mkulima wa mwani, Jambiani

Nimefika hapo kwenye chumvi nikasimama. Zinarudi baharini wapi?

Mwani wa biashara tumeanza kuulima pwani hizi 1989. Ule wenye bei nzuri, kotonii, siku hizi ni taabu kuota kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Sasa mtuongezee na maji ya chumvi kali pale pale tulipofunga kamba zetu? Kabla ya mtambo wowote, bomba la kutolea maji hayo lioneshwe kwenye ramani, na kinamama tuwepo kwenye kikao. Mnazungumza soko la watu wa nje kuja kwetu. Na sisi soko letu liko nje, mwani wetu unapakiwa melini.

Mnunuzi wa chakavu, Mwanakwerekwe

Mada ilisema maji na taka, na taka mmezisahau.

Kila mara nasikia watu wakishangilia mtambo wa kuchoma taka utoe umeme. Wenye kuuza mitambo hiyo ndio wanaoongoza kuushangilia. Mfano unaotajwa ni Addis Ababa: jaa la Koshe liliporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya 110, na Agosti 2018 wakazindua mtambo wa Reppie, uliojengwa na Wachina, wa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Machungu yao nayafahamu, na haraka yao naifahamu. Lakini njooni mtazame gari inayotoka sokoni hapa kwetu kwenda jaa la Kibele. Maganda ya ndizi, majani ya mboga, maembe yaliyooza, vifuu na makumbi ya nazi, maji yanachuruzika njia nzima. Taka mbichi namna hiyo haziwaki zenyewe. Mtambo uliopigiwa hesabu kwa taka za Ulaya, zenye karatasi na plastiki nyingi, hapa utataka kusaidiwa kwa mafuta. Hizi ni taka za mboji. Mboji inataka watu watenganishe nyumbani kwao na mtu alipwe kuigeuza. Haitaki mkopo wa mamilioni ya dola.

Kuna jengine. Mikataba ya mitambo ya kuchoma mara nyingi inaibana serikali ipeleke tani kadhaa kila siku, la sivyo ilipe. Siku hiyo chupa na makopo tunayookota yatakuwa ya mtambo, na vijana wote mnaowaona na magunia mtaani watakuwa wezi. China ilipofunga mlango wa taka za plastiki Januari 2018, biashara yetu ilitikisika dunia nzima, kwa hiyo sisi tunajua maana ya kutegemea mnunuzi mmoja. Msitufungie kwa mnunuzi mmoja wa kuchoma.

Na tuwe macho. "Fursa ya taka" kwa mtu wa nje inaweza pia kuwa kuja kututupia zake. Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kuingiza taka za sumu Afrika. Hilo lisiwe hata ajenda.

Mwanafunzi wa sheria, Tunguu

Mnaosema leteni kwanza, someni ya Dar es Salaam. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, iliyokuwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, ilikabidhiwa kuendesha maji kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 serikali ikauvunja. Mwaka 2008 ICSID, baraza la kimataifa la kusuluhisha kesi za wawekezaji na serikali, lilisema serikali ilikiuka haki za mwekezaji, ila halikumpa fidia hata senti, na katika usuluhishi mwengine Tanzania ikashinda. Wakaazi, miaka yote hiyo, walibaki na foleni zao.

Kwa hiyo nauliza mleta mada: nani atasoma hiyo mita? Kama ni muuzaji mwenyewe, sharti lako ni karatasi. ZAWA, mamlaka yetu ya maji, wawe na mtu wao wa kupima, anaandika kila mwezi, na taarifa ibandikwe kwa sheha ili kila mkaazi aione. Bila hivyo tutashindwa kesi hata tukiwa na haki.

Mleta mada, Jang'ombe

Nimelichukua la kubandika kwa sheha, tena lianze hata kabla ya mkataba mpya.

Sasa nakujibu, bwana wa Nungwi, kuhusu muuzaji kukimbia. Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake kwa mabomba kuvuja na wizi. Mkuu wa mamlaka ya maji, Ek Sonn Chan, alichukua mikopo na misaada ya nje kama sisi. Lakini alianza na uvujaji, akafunga mita, akawadai ankara hata wakubwa, akawafundisha watu wake. Upotevu ukashuka mpaka karibu asilimia 6. Mji wa Kitakyushu wa Japani ulipeleka wataalamu wake huko tangu 1999, na miaka ilivyopita ukapata kandarasi za kulipwa nchini humo humo. Wauzaji wa namna hiyo wapo, na hao ndio tuwatafute. Atakayeikimbia mita angekimbia na spea pia.

La watoto wa Nungwi silikwepi. Hoteli yenye mtambo wa kuchuja itoe mfereji nje ya ukuta wake, liwe sharti la leseni, lita zijulikane. Hilo halihitaji mkopo wala tenda ya kimataifa. Na bomba lake la chumvi likaguliwe pamoja na kinamama wa mwani.

Mkaazi wa Nungwi

Mfereji wa hoteli naukubali, na kwenye kikao cha shehia nitaupeleka mwenyewe. Lakini theluthi ni nyingi, sirudi nyuma. Wekeni moja ya kumi kwenye tenda ya mwanzo, tuone wangapi watachukua fomu.

Fundi wa pampu, Wete

Moja ya kumi haimuumi mtu, sheikh. Fanyeni robo, na spea ziwe zimeshafika ghalani kabla hajalipwa hata shilingi ya mwisho ya ujenzi.