Bei za paneli zimeporomoka, mbona kufunga sola nyumbani bado ni mamilioni?

Mkazi wa Chanika
Wakuu, habari za jioni. Mwaka 2016 nilinunua paneli ya wati 100 Kariakoo kwa laki mbili na nusu. Wiki iliyopita nimepita mtaa uleule, kwa pesa ileile nakuta paneli ya wati 550, na muuzaji yuko tayari kupunguza. Nikamwomba fundi anipigie hesabu ya nyumba ya vyumba vitatu yenye friji. Karatasi imekuja hivi: paneli sita 1,440,000, betri ya lithiamu ya kubeba uniti 5 kwa 3,100,000, inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) 1,300,000, nyaya, fremu na ufundi 900,000. Jumla 6,740,000. Nifunge sasa au nisubiri zishuke zaidi? Na mafundi nao watuhurumie, maana wengi juzi walikuwa wanafunga madishi, leo wote wataalamu wa sola.

Dada wa Pangani
Kaka, jibu liko kwenye karatasi yako. Paneli zikishuka nusu tena unaokoa laki saba na ishirini, kama moja ya kumi tu ya gharama yote. Anayekula pesa ni betri. Paneli zilianguka kwa sababu China, inayotengeneza zaidi ya asilimia 80 ya paneli za dunia, ilijenga viwanda kupita mahitaji, hadi 2024 zikawa zinatoka kiwandani kwa takriban senti 10 za dola kwa wati. Desemba 2024 serikali yao ikapunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza nje, kutoka asilimia 13 hadi 9. Kwa hiyo usitegemee paneli zishuke sana tena. Kama ni kusubiri, subiri betri.

Fundi Jua
Mkazi wa Chanika, hilo la madishi limenikera. Nina miaka kumi na moja juu ya mabati. Umeiandika laki tisa kama vile yote inaingia mfukoni kwangu. Humo kuna waya wa sola wa milimita 6, kebo nene ya betri, swichi za kukatia umeme, nondo ya ethi, chuma cha fremu na usafiri. Paneli moja ya wati 550 ina karibu kilo 28. Pandisha sita saa saba mchana, bati linachoma hadi magoti, kisha uje hapa uniite fundi dishi.

Mkazi wa Chanika
Sikukutaja wewe, Fundi. Ila aliyenifungia mara ya kwanza aliniwekea betri ya gari akaapa ni ya sola. Miezi saba ikafa. Nikipiga simu haipokelewi. Nilitumia pesa ya ada ya mtoto pale.

Fundi Jua
Pole kwa hilo. Lakini ulimpa shilingi ngapi? Mteja anakuja na laki nne anataka taa, TV na pasi. Ukimwambia haiwezekani anaenda kwa atakayemwambia inawezekana.

Mkazi wa Chanika
Kwa hiyo kosa langu kuibiwa?

Mzee wa Kilosa
Vijana, punguzeni sauti. Wezi wakubwa hawako juu ya bati, wako kwenye stika. Mwaka jana nilinunua paneli mnadani, nyuma imeandikwa wati 300. Pampu ikawa inasota. Mwanangu akachukua futi: urefu sentimita 120, upana 54. Akaniambia, baba, jua kali la mchana linashusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza asilimia 20, 22 hivi. Hiyo yangu haifiki hata theluthi mbili za mita. Haiwezi kuvuka wati 145 hata uipandishe Kilimanjaro. Tangu siku ile nikienda dukani naenda na futi mfukoni.

Dada wa Pangani
Shikamoo mzee. Hilo la futi kila mtu alishike.

Jirani wa Nairobi
Msilie sana, sisi huku tuliwekewa VAT kwenye sola, nadhani 2019, wauzaji wakapandisha mara moja.

Dada wa Pangani
Ni 2020, na 2021 mkaondolewa.

Jirani wa Nairobi
Sawa, asante. Lakini bei za dukani hazikurudi haraka kama zilivyopanda.

Mpenda Gridi
Mimi sielewi mnachogombania. Bwawa la umeme la Nyerere ni megawati 2,115, mgao ule wa 2023 umekwisha. Uniti ni shilingi 356. Nyumba ya uniti 6 kwa siku inalipa kama elfu 64 kwa mwezi. Gawa hiyo milioni sita na laki saba: karibu miaka tisa ndipo pesa irudi. Sola ya mjini ni maringo.

Mkazi wa Chanika
Maringo? Njoo Chanika mvua ikinyesha kidogo. Mke wangu anauza juisi na samaki wa kugandisha. Mwezi wa nne umeme ulikatika usiku hadi kesho yake jioni, tukamwaga ndoo mbili za samaki. Hiyo hesabu yako ya miaka tisa haina samaki wangu ndani yake.

Mpenda Gridi
Nunua jenereta.

Mwalimu wa Namtumbo
Mnabishana friji. Huku kwetu bibi mmoja analipia taa tatu za sola na redio kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa, taa zinazimwa kutoka mbali, wajukuu wanarudi kwenye kibatari. Kuunganishwa umeme kijijini ni 27,000, ila nguzo ya mwisho iko kilomita nne kutoka kwake. Akimaliza deni, vile vidude vitakuwa vimemgharimu zaidi ya bei ya dukani. Huyu ndiye aliyepaswa kufaidi kuanguka kwa paneli.

Mpenda Gridi
Mwalimu, hakuna aliyemlazimisha.

Mwalimu wa Namtumbo
Giza ndilo lililomlazimisha. Angalia maneno yako.

Fundi Jua
Mkazi wa Chanika, nimelala nikifikiria samaki wako. Hiyo karatasi si yangu lakini niko tayari kuikagua bure. Nenda dukani na futi kama mzee alivyosema, unitumie vipimo.

Mkazi wa Chanika
Nimetoka huko sasa hivi. Urefu 228, upana 113.

Fundi Jua
Hiyo ni 550 ya kweli. Sasa rudi ndani ukapige picha ya ubavu wa ile betri, palipoandikwa volti na ampia.