Madereva wastaafu wa malori, tupeane uzoefu: gari gani lilikufundisha kazi?

Mzee wa Tela (mwenye mada)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, marahaba.

Nimeshuka kwenye usukani baada ya miaka 38 ya malori. Juzi kijana wa jirani kanipakia kwenye kichwa kipya anachoendesha. Gia zinajiingiza zenyewe, usukani unauzungusha kwa kidole, kiti kinahema chini yako kama kitu chenye uhai. Tukaanza kupanda mlima na mzigo, yeye anapiga hadithi kwa sauti ya chini kabisa, mimi najibu "eeh, eeh" huku nimetega sikio kwenye injini. Wapi! Siisikii. Nikajiona kama mzigo uliofungwa turubai.

Sisi tuliendesha kwa masikio. Mimi kazi nilifundishwa na gari. Mtu alinionyesha pa kukanyaga tu. Kwa hiyo wastaafu wenzangu, leteni yenu: gari gani lilikufundisha, na lilikufundishaje? Naanza mwenyewe.

Langu ni Fiat 682, ile yenye uso bapa, iliyoanza kutengenezwa Italia mwaka 1952. Injini silinda 6, lita 10 na ushee, imeketi ndani ya kabini kati ya dereva na utingo kama abiria wa tatu. Kitu kimoja kilinichekesha nilipokuja kukijua: Waitalia wanaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini malori yao makubwa ya enzi hizo mengi yalikuwa na usukani kuliani vilevile. Sababu ni milima. Dereva alitakiwa aone kwa macho yake mwenyewe tairi liko wapi na korongo linaanzia wapi.

Gia zake hazikuwa na sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajaingiana. Kwa vijana: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukipandisha gia, pale katikati unasubiri mlio wa injini ushuke. Ukishusha gia, pale katikati unaipa mafuta kidogo mlio upande. Ukikosea hata kwa kufumba na kufumbua, meno yanalia na kijiji kizima kinajua kuna mwanafunzi barabarani.

Dereva niliyemtumikia utingo alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa usukani kwenye tambarare, meno yakalia mpaka jioni. Hakugomba. Kesho yake alikaa yeye kwenye usukani, akanifunga macho kwa leso, akaniambia: "Kila gia ikiiva, sema sasa." Tukaenda hivyo. Mimi nimefungwa macho, "sasa", yeye "bado"; "sasa", yeye "umechelewa". Siku ya nne akaacha kunijibu. Nikawa nasema "sasa" na gia inaingia palepale, kimya, kama kisu kwenye ala. Akanifungua leso akasema, "Haya, njoo ukae huku."

Kamba Mbili

Mzee wa Tela umenikumbusha mbali, ila huyo abiria wako wa tatu alikuwa jiko! Nyie wa Fiat mlikuwa mnashuka kwenye kabini mmeiva upande mmoja.

Mimi ni mtu wa Bedford TK. Ilitoka 1960, na wale waliiwaza vizuri: injini waliirudisha nyuma ya viti, ukitaka kuishika unafungua kifuniko cha pembeni, nyuma ya mlango. Kabini ikapata nafasi na joto likapungua. Ubaya wake, mvua ikinyesha wewe unatengenezea nje kwenye tope, mgongo unalowa, utingo yuko ndani kavu anakuuliza kama bado.

TK haikunifundisha gia. Ilinifundisha kufunga mzigo, maana kazi yetu ilikuwa magunia na mbao, juu turubai, kamba mpaka mikono ikachubuka. Ukivuta kamba kwa nguvu zako tu, mwendo wa saa moja ishalegea. Ndiyo maana tulitumia lile fundo la kitanzi: unapiga kitanzi katikati ya kamba, unashusha ncha kwenye ndoano ya bodi, unairudisha kwenye kitanzi, unavuta kwenda chini kwa uzito wa mwili wako wote. Kamba inalia kama gitaa. Baada ya kilomita za mwanzo unasimama, unapita unaipiga kila moja kwa kiganja. Iliyolegea inatoa sauti ya ngoma mbovu. Hata huko masikio yalifanya kazi.

Utingo wa Milele

Mimi sikuwahi kupata leseni ya lori, nimestaafu utingo, nisamehewe kuingia baraza la madereva.

Mnakumbuka ringi za vipande? Siyo hizi za leo tairi halina tyubu. Ile tairi ina tyubu, ina kile kipande cha mpira cha ndani, halafu ringi ya chuma inayokaa pembeni kuifunga. Ikikaa vibaya, upepo ukishajaa inaruka. Na ikiruka haichagui kichwa.

Siku hiyo pancha ya pili, jua limeshaanza kuzama, mimi nina haraka. Nimeunganisha mpira wa upepo kwenye tanki la gari, nikakalia tairi kama mtu aliyekalia kigoda, nasubiri lijae. Dereva alikuwa upande wa pili anajisaidia. Alivyotokea na kuniona, hakusema kitu, alikuja mbio akanisukuma kwa bega nikaangukia mtaroni. Nikainuka nataka kugombana. Hatujamaliza hata kutazamana, ile ringi iliruka. Sauti yake siwezi kuieleza. Tuliikuta juu ya mzigo, imetoboa turubai.

Toka siku hiyo nilikuwa naliwekea mnyororo, naupitisha kwenye matundu ya ringi mara mbili, na tairi nalilaza ile ringi ikiangalia chini. Yule dereva mpaka anakufa hatukuwahi kulizungumza.

Fundi Nozeli

Wazee, heshima zenu. Mimi nilikuwa fundi wa njiani, nasafiri na msafara. Gari lililonifundisha ni Mercedes 1113, lile la pua fupi. Kwa wasiojua, ile namba ni taarifa: 11 ni uzito wa tani 11 gari na mzigo wake, 13 ni nguvu za farasi 130. Ukishajua hivyo, namba zao nyingi za miaka ile unazisoma kama kitabu.

Mzee wa Tela kasema kweli kuhusu masikio. Vifaa vyangu vilikuwa spana, bisibisi ndefu na hili sikio la kulia. Injini ikipiga kwa kuruka, naweka ncha ya bisibisi kwenye mguu wa nozeli (kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), mpini naukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Nozeli nzima inagonga kikavu, tik tik tik. Iliyokufa inanong'ona. Nikitaka uhakika, nalegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma. Ukilegeza nati na mlio ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na mlio ukabaki vilevile, umempata mwizi.

Na wale wa kuishiwa dizeli njiani! Unaweka mafuta, gari haliwaki, dereva anamaliza betri kwa kupiga staata. Upepo umeingia kwenye mabomba, bwana. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye chujio, piga ile pampu ndogo ya mkono taratibu, povu litoke, povu litoke, mpaka dizeli ije safi bila kiputo. Kaza. Sasa piga staata. Nimewahi kutembea usiku kilomita kadhaa kwenda kufanya kazi hiyo ya dakika tano.

Gia Mbili Mkononi

Nani hapa amewahi kushika Mack za B, zile za kati ya 1953 na 1966 zenye gia leva mbili? Leva moja ya giaboksi kuu, nyingine ya giaboksi ndogo iliyofungwa nyuma yake. Kuna mahali lazima uzisogeze zote kwa pamoja. Usukani uko kushoto, basi mkono wa kushoto unaupitisha katikati ya usukani ukamate leva moja, wa kulia unakamata nyingine, na usukani unaushikilia kwa kiwiko na kifua. Barabara ya mashimo! Mwalimu wangu alikuwa anaifanya huku akinisimulia habari za ndoa yake.

Mimi ilinichukua mwaka.

Sina Haraka

Naomba niseme la mlimani, na kosa ni langu mwenyewe, si la gari.

Nilikuwa na miaka 27, mzigo kamili, naanza kushuka mteremko mrefu niliouzoea. Sheria tulikuwa tunaijua wote: mlima unaushuka kwa gia uliyopandia. Mimi nikaona nachelewa, nikaushuka kwa gia ya juu na mguu wa breki. Kona ya tatu nikasikia harufu ya viatu vya breki, ile harufu ya kama nywele zinaungua. Kona ya tano pedali ipo, ngumu vilevile, ila gari halishiki. Upepo wa breki upo wa kutosha kwenye geji. Kinachokosekana ni msuguano; ngoma za breki zimekuwa moto mpaka viatu vinateleza tu.

Nikafanya kosa la pili. Nikatoa gia nishushe. Gia ya chini ikakataa kuingia, na ile niliyoitoa ikakataa kurudi. Sasa nina tani zote hizo kwenye nyutro. Wakubwa, ukimya niliousikia pale kwenye kabini sijawahi kuusikia tena. Injini inanguruma ovyo, lakini haina habari na magurudumu.

Nililiegemeza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwangua, likakwangua, likasimama limeinama. Utingo wangu alishuka, akakaa chini, akavua kiatu kimoja, akakivaa tena. Sijui kwa nini.

Baadaye sana nikasoma kwamba Clessie Cummins, yule wa injini za Cummins, mwaka 1931 yalimkuta karibu hayohayo akishuka Cajon Pass, Marekani. Breki zimechoka, na chini ya mlima treni ya mizigo inakatiza barabara. Alipona kwa hatua chache. Jambo lile lilimkaa kichwani miaka, mpaka akabuni breki ya injini: valvu za moshi zinafunguka pale pistoni inapomaliza kubana hewa, ile nguvu inamwagwa nje, injini inageuka kompresa inayokukokota nyuma. Ilianza kuuzwa 1961. Ule mngurumo wa "drrrrr" mnaousikia lori kubwa likishuka, mimi kila nikiusikia namshukuru yule mzee.

Mzee wa Tela

Sina Haraka, jina lako sasa nimelielewa.

Sikio Moja

Samahani nitawaharibia baraza. Naona mnayasifu haya magari kama mabinti. Mimi siyakumbuki kwa hamu.

Sikio langu la upande wa injini halisikii, na daktari hakuhitaji kuuliza nilifanya kazi gani. Kidole gumba cha kulia kimepinda kwa sababu nilikizungushia usukani usio na hydrauli, tairi likagonga jiwe, usukani ukajirudisha wenyewe kwa kishindo. Tuliambiwa gumba likae juu ya usukani, lisiingie ndani, ila usingizi unasahaulisha. Kulala tulilala juu ya ubao uliolazwa toka kiti hadi kiti. Saa za kuendesha hakuna aliyezihesabu. Mwenye mzigo alihesabu saa za kufika tu. Kijana wa leo ana kitanda, ana kiyoyozi, ana mashine inayoandika ameendesha muda gani. Akipewa Fiat ya mwenye mada atashuka kona ya kwanza, na mimi nitamsifu kwa akili.

Mzee wa Tela

Hapo sibishi. Gumba langu nalo linajua baridi inakuja kabla ya watu wa hali ya hewa. Mimi sisemi yarudi. Nauliza yalitufundisha nini.

Binti wa Dereva

Shikamooni baba zangu. Mimi si dereva ila naomba nimlete baba, aliyetangulia.

Alimalizia kazi kwenye Scania 140, ile V8 ya lita 14 iliyotoka 1969 na farasi 350, na kwa Ulaya hakukuwa na lori lenye nguvu kuizidi wakati huo. Farasi hizo alizitaja kama mtu anayetaja wanawe. Likizo moja alinichukua safari, nina miaka kama tisa. Usiku tukaegesha, akaacha injini inanguruma polepole ili upepo wa breki usipungue, akalala fofofo, anakoroma. Mimi nikawa nachezea vitufe. Nikawasha taa za kabini, hakuamka. Nikafungua mlango nikaufunga, hakuamka. Kisha injini ikabadilika kidogo sana, mimi hata sikusikia tofauti. Akafumbua macho palepale, akasema "mkanda wa feni huo", akavaa kandambili akashuka na tochi.

Kweli mkanda ulikuwa umechanika nusu.

Kamba Mbili

Binti, huyo alikuwa dereva.

Fundi Nozeli

Mkanda ukianza kuchanika unapiga kibao kwenye kava, tap, tap, chini kabisa ya mngurumo. Kuusikia umelala ni kipaji.

Kijana wa Kichwa Kipya

Wazee, mimi bado nipo barabarani, naendesha hizi za kujiingiza gia. Mzee wa Tela, ile ya kufungwa leso inawezekana kwenye gari langu? Nataka kumfundisha mdogo wangu.

Mzee wa Tela

Kwako gia zinajibadilisha, ila mkanda, beringi, tairi la ndani lililokosa upepo, mzigo uliolegea, vyote bado vina sauti. Zima redio. Fungua dirisha kidogo. Mfunge leso akiwa kiti cha abiria, umuulize tairi gani limekanyaga shimo. Akikosa mwambie "bado".

Nitaendelea kesho na habari za tela lililotangulia mbele yangu kwenye kona. Mwenye simu anaitaka simu yake.