Upepo umeangusha miti shambani: nani ameacha pori lirudi lenyewe? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Kenya, Lubumbashi
Bandugu, mvua ya kwanza imekuja na upepo mbaya. Upande wa barabara ya Kasenga tumepoteza miti 18. Baba mdogo anataka tung'oe visiki vyote tupande mikaratusi. Mimi nasita. Nani yalimkuta?

Mama Masuku
Mwanangu, usiguse visiki! Kwetu karibu na Kipushi, mutondo, mti wa pori la huku, ulivunjika usawa wa kifua mwaka 2019, tukaukata chini. Mvua haijaisha, kisiki kikazungukwa na machipukizi. Nilihesabu 23, majani mekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa. Hatukupunguza hata moja. Yalinyang'anyana mwanga yenyewe, leo yamebaki manne na yamenipita kimo. Yanakimbia hivyo kwa sababu mizizi ni ya mti mzima. Kulikuwa na muputu pia, mti mwingine wa pori, uling'oka upande mmoja ukalala. Mizizi ya upande wa pili bado imeshika udongo, na juu ya shina lililolala matawi yamesimama wima, utadhani kuna mtu aliyapanda kwa mstari.

Mchoma Makala Mstaafu
Mama anasema kweli. Nimechoma makala, yaani mkaa, miaka tisa: tulipokata, pori lilirudi. Palipokaa tanuru ndipo pagumu, udongo umeiva kama tofali. Kwa hiyo wachoma makala wakija kuomba miti iliyoanguka, wape, lakini tanuru wakajenge mbali na visiki.

Ya Kasapa
Mnasahau moto. Sisi tuliacha visiki vizuri kabisa, halafu mwezi wa tisa wawinda panya wakawasha nyasi. Machipukizi ya miaka miwili yakakauka mpaka chini. Mzizi ulitoa mengine, ila tukaanza upya. Sasa tunachoma wenyewe mwezi wa tano, nyasi zikiwa na ubichi, moto unapita chini chini. Hapo Ndola, Zambia, walijaribu tangu miaka ya 1930: kipande kilichochomwa kila mwisho wa kiangazi kiligeuka nyasi, kilichokingwa kikawa msitu mzito.

Mtoto wa Kenya, Lubumbashi
Nimemsomea baba mdogo. Visiki vya bondeni amekubali vibaki, vya juu bado tunagombana. Mama, vinkubala, wale viwavi wa kula, vimeanza kupanda kwenye hayo machipukizi manne?

Mama Masuku
Mwaka jana nilipata sahani moja. Ndogo.