Nestoridis kufungiwa miaka miwili: klabu ina haki ya kumshikilia mchezaji asiyetaka kubaki?

Wakuu, juzi kwenye mazungumzo ya usajili mdau mmoja alisema mchezaji anayehama bila ridhaa ya klabu yake afungiwe hata miaka mitatu, ndipo wenzake watashika adabu. Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga, na naomba tulijadili kupitia mtu ambaye huenda wengi hamjawahi kumsikia: Kostas Nestoridis, mshambuliaji wa Ugiriki.

Nestoridis alizaliwa mwaka 1930 mjini Drama, kaskazini mwa nchi hiyo. Jina alilipata akiwa Panionios ya Athens, na mwaka 1955, akiwa na miaka 25, akaamua kwenda AEK, klabu nyingine ya Athens. Panionios wakakataa. Sasa elewa hali ya wakati ule. Mpira wa Ugiriki kisheria ulikuwa wa ridhaa, yaani si wa kulipwa. Mpira wa kulipwa uliruhusiwa rasmi mwaka 1979. Hakukuwa na mkataba wenye tarehe ya kuisha. Kulikuwa na kadi ya usajili, wenyewe wanaiita deltio, na ukishasajiliwa kwa kadi ile hutoki mpaka klabu ikuachie. Iwe mwaka mmoja au kumi, shauri lao. Nestoridis aliondoka hivyo hivyo, na akafungiwa miaka miwili.

Kuanzia 25 hadi 27. Yeyote aliyecheza mpira anajua maana ya umri huo. Ndipo mbio hazijapungua na akili imeshakomaa: unajua wapi pa kusimama, lini upige, lini uache. Miaka hiyo Nestoridis hakucheza mechi za mashindano.

Aliporudi alifanya nini? Alikuwa mfungaji bora wa Ugiriki misimu 5 mfululizo, kuanzia ule ulioisha 1959 hadi ule wa 1963. Msimu wa 1959-60, wa kwanza wa ligi moja ya taifa zima, alifunga mabao 33. AEK na Panathinaikos wakamaliza na pointi sawa, ikachezwa mechi ya kuamua bingwa, AEK wakalala 2-1. Mwaka 1963 timu zile zile zikalingana tena kwa pointi. Mechi ya kuamua ikaisha 3-3, na ubingwa ukaenda AEK kwa uwiano wa mabao. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza tangu 1940. Miaka 23 watu wanasubiri, halafu kombe linapatikana kwa hesabu ya mabao, na mfungaji bora wa ligi ni mzee wa miaka 33 aliyewahi kuzuiwa kucheza. Kila nikiisoma habari hii najiuliza yale mabao ya 1956 yangekuwa mangapi. Huyu alikuwa fundi wa mipira ya adhabu, ya kupinda na ya kulenga, na ufundi huo haupatikani kwa kukaa jukwaani.

Sasa upande wa Panionios, maana sitaki kuupita juu juu. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1890 Smyrna, ng'ambo ya bahari, mji ambao leo ni Izmir ya Uturuki. Mwaka 1922 mji uliungua, Wagiriki wakakimbia, na klabu ikaanzishwa upya Athens katika mtaa wa wakimbizi, Nea Smyrni, yaani Smyrna Mpya. Na AEK nao ni wakimbizi vile vile: herufi ya mwisho ya jina lao ni Konstantinopoli, leo Istanbul ya Uturuki, mji waliotoka waanzilishi wake wa mwaka 1924. Kwa hiyo hii haikuwa kesi ya tajiri na maskini. Walikuwa ndugu wawili wa msiba mmoja wakimgombea kijana. Namwelewa kabisa shabiki wa Panionios wa 1955. Amepoteza mji, amejenga timu upya, anapata nyota, na jirani anamchukua. Klabu ndogo ikiachwa bila ulinzi inageuka kitalu cha wakubwa. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaotaka wachezaji wafungiwe, na kwangu ina haki yake.

Lakini tazama adhabu iliangukia wapi. Mgogoro ulikuwa wa klabu mbili, aliyezuiwa kucheza ni mtu mmoja. Kama Panionios walidai jasho lao, deni lile lilikuwa la kulipwa na AEK. Na njia ya kulipa inawezekana, leo tunaiona. Tangu 2001 kanuni za FIFA zinataka klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 zigawane asilimia 5 ya ada anapouzwa kabla mkataba haujaisha, na kuna fidia ya malezi mbali na hiyo. Timu ndogo inapata chake na kijana anacheza. Hata anayevunja mkataba bila sababu ya haki ndani ya kile kipindi kinacholindwa, yaani miaka ya mwanzo ya mkataba, adhabu yake ni miezi 4, na 6 kosa likiwa zito. Linganisha na miaka miwili ya mtu ambaye hakuwa hata na mkataba.

Najua mtaniletea Fei Toto, kiungo wa Tanzania, na klabu yake ya zamani Yanga. Tusichanganye. Lile lilikuwa sakata la mkataba uliosainiwa, wenye mshahara na muda wake, na likaisha mwaka 2023 kwa klabu kukubaliana na yeye kwenda Azam. Aliyesaini atimize au alipe, sipingi. Ninachopinga ni kadi isiyo na mwisho.

Na kadi ile naijua. Marehemu mjomba wangu alichezea timu moja ya wilaya miaka ya 1980, winga wa kushoto. Timu ya mkoa ikamtaka. Katibu wa klabu yake aliiweka kadi kwenye droo ya meza na kuifunga kwa kufuli. Mjomba alikwenda pale nyumbani kwake jioni tatu mfululizo, ya mwisho alibeba na kuku. Akaambiwa arudi baada ya msimu. Msimu uliofuata goti likaumia mazoezini. Mpaka anafariki alikuwa akisikia mpira redioni anaikunja na kuikunjua mikono yake, hasemi kitu.

Kwa hiyo nauliza, hasa mnaosema mtu afungiwe ili klabu ilindwe. Katika miaka ile miwili Panionios hawakupata kwa Nestoridis bao hata moja, na baada ya hapo hakuwachezea tena. Mwaka 1976 Thomas Mavros, aliyekuja kuwa mfungaji wa mabao mengi kuliko wote katika historia ya ligi ya Ugiriki, naye alitoka Panionios kwenda AEK, njia ile ile. Wale wenzake Nestoridis walioona adhabu ya 1955 walishika adabu gani? Na klabu ililindwa na nini? Karibuni.