Alumini huanza kulegea wapi katika jaribio la kuvuta?

Muulizaji: Wanajukwaa, nondo ya chuma laini huonyesha wazi mahali inapoanza kurefuka bila kurudi, lakini mchoro wa mkazo (nguvu kwa kila eneo) dhidi ya mrefuko (ongezeko la urefu kwa asilimia ya urefu wa awali) wa sampuli yetu ya alumini ulipinda taratibu tu. Tusome wapi?

Jibu: Anzieni asilimia 0.2 kwenye mhimili wa mrefuko, mchore mstari sambamba na sehemu iliyonyooka ya mwanzo wa mchoro, na mkazo wa pale mstari unapokata mchoro ndio thamani mnayoitafuta. Ila mrefuko upimwe kwenye sampuli yenyewe, kwani sampuli huweza kuteleza ndani ya taya za mashine.

Muulizaji: Kumbe! Sisi tulipima mwendo wa taya.

Jibu lingine: Kwa plastiki kuna jambo zaidi, maana polipropilini ikivutwa haraka huonekana imara zaidi na hukatika mapema, hivyo ripoti isiyotaja kasi na jotoridi, kwangu mimi, haijakamilika.