Naomba ushauri: shemeji kagoma kunilipa milioni 18, nifungue kesi Mahakama Kuu?

Dada Nyamagana: Wakuu, heshima kwenu. Nilimkopesha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, milioni 18 za kununulia mashine ya kukoboa mpunga. Tuliandikishana, mashahidi wawili. Sasa namdai ananijibu "nenda popote". Nataka niende Mahakama Kuu moja kwa moja, hizi za chini anajuana na watu. Naanzia wapi? Usingizi sipati.

Babu wa Kwimba: Binti yangu, mimi na kaka yangu tulifikishana mahakamani kwa ajili ya ng'ombe. Nilishinda, lakini mpaka leo hata msibani hatusalimiani. Itisheni kikao cha ukoo kwanza.

Kinu: Polisi tu. Akilala ndani siku mbili hela itaonekana.

Karani Mstaafu: Deni ni madai, si jinai, polisi waache. Na Mahakama Kuu wanaweza kukurudisha: shauri hufunguliwa mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka. Deni la mkataba lisilozidi milioni 30 ni la Mahakama ya Mwanzo, pale anapoishi mdaiwa au pale dai lilipozaliwa. Alitakiwa kulipa lini?

Dada Nyamagana: Ni muda kidogo. La msingi mkataba upo na sahihi yake ipo.

Karani Mstaafu: Mwaka gani, mama?

Kinu: Hapo kwenye "muda kidogo" ndipo kesi ilipo 😂

Dada Nyamagana: Tulisaini Juni 2018, alipe mwisho wa Desemba mwaka huohuo. Sikutaka kusema kwa sababu niliambiwa madai ya mkataba mwisho miaka 6. Ila nimeshaongea na kijana wa steshenari, anauchapa upya usomeke 2021, na mashahidi wamekubali kusaini. Hela ni ileile, sijaongeza hata shilingi, sasa hapo namdhulumu nani?

Karani Mstaafu: Usiiguse hiyo karatasi! Huko ni kughushi. Akitoa nakala yake ya 2018, wewe mdai unageuka mshtakiwa, na mashahidi wako unawatumbukiza.

Babu wa Kwimba: Ndiyo maana nikasema kikao.

Dada Nyamagana: Kikao tulikaa, mama mkwe akasema nimsamehe mtoto wake. Nyie mnaongea tu, mashine inakoboa kila siku, mimi nadaiwa ada.

Mpiga Ramli: Wadau, mbona huu uzi unanuka chuo? Kiwango cha mahakama, ukomo wa muda, mkataba wa kughushi, vyote kwa mtu mmoja. Na mleta mada kajiunga leo. Mnamfanyia mtu mtihani wa sheria.

Kinu: Duh, kweli. Mwanachuo, leta maksi tugawane.

Dada Nyamagana: Nimejiunga leo kwa sababu kwingine kote mawifi zangu wapo. Na kwenye huo mtihani wenu kuna milioni moja aliyonitumia kwa simu Machi 2022, na meseji "shem pokea hii ya lile deni, nyingine nikivuna"? Tangu hapo kimya.

Karani Mstaafu: Mama, ulikuwa umekalia jibu! Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, mdaiwa akilipa sehemu ya deni kabla muda haujaisha, hesabu inaanza upya siku ya malipo. Miaka 6 yako inakwenda hadi Machi 2028. Peleka mkataba uleule wa 2018 na dai milioni 17. Kama haukulipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwenye hati za mikataba, lipia na faini yake kabla hujautoa kama ushahidi.

Mpiga Ramli: Haya, nimenyoosha mikono. Hiyo meseji bado unayo?

Dada Nyamagana: Simu ile iliungua, ila laini ni hii hii. Na kijana nimeshampa elfu ishirini.

Karani Mstaafu: Ya kijana isamehe. Jumatatu nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, omba taarifa ya miamala ya Machi 2022, wakupigie muhuri. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani. Meseji ikikosekana, jiandae aje kusema milioni ile ilikuwa ya kitu kingine. Alipoituma, nani mwingine alijua?

Dada Nyamagana: Mume wangu. Ndiye aliyenisomea.

Karani Mstaafu: Atakuja kusema mbele ya hakimu?

Dada Nyamagana: Sijamuuliza bado.