Mrejesho: mwanafunzi wangu wa tasnifu aliyepotea

Asanteni kwa ushauri. Niliuliza nimfanyeje mwanafunzi wa shahada ya kwanza ninayemsimamia, aliyekaa wiki 5 bila kuleta hata ukurasa mmoja. Nilidhani ni uvivu. Kumbe alikuwa anaogopa: rasimu yake ya kwanza niliirudisha imejaa wino mwekundu, hakujua aanzie wapi. (Nilisahihisha kwa ukali mno, nakiri.)

Sasa tunakutana dakika 20 kila wiki. Analeta aya mbili tu, nami natoa maoni yasiyozidi matatu. Kabla hajaondoka anaandika mwenyewe tulichokubaliana. Swali la utafiti tumelipunguza, maana lilikuwa la kiwango cha uzamivu (PhD). Sura ya pili kaimaliza jana. Uchambuzi wa data bado unampiga chenga.